Daktari, bega la mwanangu linatoa usaha

SWALI: Shikamoo daktari. Nina mtoto wa kiume, ana wiki saba. Alizaliwa kabla ya siku zake, wiki ya 36, akiwa na kilo 2.1, na siku tuliyoruhusiwa kutoka hospitali alichomwa chanjo ya kifua kikuu bega la kulia. Mwanzoni bega halikuwa na kitu. Wiki ya nne pakatoka kipele chekundu, sasa kimetumbuka na kinatoa usaha mweupe. Kwapani upande ule ule nimegusa kitu kama punje ya harage. Mama mkwe anasema nesi alimchoma vibaya, jirani anasema mtoto amepandikizwa TB yenyewe. Dada yangu yuko Leicester, Uingereza, anasema mwanawe hakuchomwa mpaka alipotimiza mwezi, na huko watoto wengi hawachomwi kabisa. Tangu nijifungue tumehamia kwa wakwe hapa Morogoro, nyumba ina watu wengi, na baba mkwe anakohoa usiku kucha hivyo hata usingizi sipati. Je, chanjo hii ni salama kwa mtoto mdogo kiasi hicho? Na nipake nini hapo begani? Mama Karimu.

JIBU: Marahaba Mama Karimu, na hongera kwa mtoto.

Usipake kitu. Nimeanza na swali lako la mwisho kwa sababu nazijua nyumba zetu: kabla hujafika katikati ya jibu hili kuna mtu ameshatwanga majani. Usipake majivu, dawa ya meno, mafuta ya nazi, spiriti, unga wa kapsuli, wala maziwa yako mwenyewe. Usikamue. Usibandike plasta. Mwogeshe kama kawaida kwa maji na sabuni yake, kausha bega kwa kuligusisha kitambaa safi bila kusugua, kisha mvalishe nguo ya pamba isiyombana. Usaha ukichafua nguo, weka juu yake kipande cha kitambaa safi kikavu, na ukibadilishe kikilowa.

Jambo la pili ni baba mkwe. Apelekwe kupimwa makohozi, wiki hii hii. Umeliandika kama malalamiko ya usingizi, lakini katika barua yako yote hapo ndipo niliporudi kusoma mara ya pili. Bega la Karimu halinitishi. Kikohozi cha babu yake kinanitisha. Nitakirudia nikishakutoa hofu ya bega, maana mama mwenye hofu ya donda hawezi kusikiliza habari za kikohozi.

Akina mama wengi hufumba macho mtoto akichomwa. Kama wewe ulitazama, uliona sindano imelazwa karibu ilale juu ya ngozi, haikuchomekwa wima kama zile za pajani. Dawa iliyoingia ni mililita 0.05, yaani tone moja la maji. Huwekwa ndani ya ngozi yenyewe, isipite kwenda chini yake wala isifike kwenye msuli. Ikiingia sawasawa, ngozi huinuka papo hapo ikawa kiuvimbe cheupe chenye vitundu vitundu kama ganda la chungwa. Baada ya nusu saa hivi kinapotea, na mama anarudi nyumbani na bega lisilo na alama, akidhani mambo yamekwisha.

Hayajaanza. Ndani ya tone lile kuna bakteria hai waliodhoofishwa, nao huongezeka taratibu mno. Kinga ya mtoto huchukua wiki kadhaa kuwashtukia, na siku inapowashtukia ndipo bega huamka. Kati ya wiki ya pili na ya sita hutoka kipele chekundu, kigumu kidogo ukikigusa. Kipele hulainika, huweka usaha, hutumbuka kikawa kidonda, hukauka kikafanya gamba, gamba likaanguka na jingine likaota. Mpaka mwezi wa tatu hivi (wapo wanaochelewa zaidi) kinabaki kikovu cha milimita chache. Karimu yuko wiki ya saba na kipele kimetumbuka. Yupo pale pale anapotakiwa kuwa. Mtazame akiogeshwa: kama mkono wa kulia anaurusha sawa na wa kushoto, donda halimuumizi kama linavyokuumiza wewe kulitazama.

Mama mkwe nisimkatalie moja kwa moja, kwa sababu kuchomwa vibaya kupo. Sijui chanjo ya utotoni inayodai mkono mwepesi kama hii: ngozi ya kichanga ni nyembamba, mwenyewe anajinyonganyonga, na unene anaopaswa kuulenga mchomaji haufiki wa sarafu. Sindano ikipita ngozi, dawa inaenda chini na kufanya jipu. Niliwahi kuletewa mtoto wa miezi miwili na nusu, kituo alikochomwa sikitaji, begani ana uvimbe wa mviringo kama yai la kware, laini, hauna joto. Hiyo ndiyo sura ya sindano iliyozama. Tulimfuatilia, ukanywea, ukaacha kovu kubwa kuliko la wenzake. Sura nyingine ni ya uchafu: bega linavimba na kuwaka moto ndani ya siku chache za mwanzo, wekundu unatambaa, mtoto ana homa na analia ukimgusa. Huyo anahitaji antibayotiki, tena haraka. Kwa maelezo yako Karimu hayumo katika sura zote mbili. Donda lake limesubiri wiki nne, na kidonda cha uchafu hakina subira ya namna hiyo. Chukua rula, upime bila kuligusa: likizidi upana wa sentimita moja, au likifika mwezi wa nne bila kufunga, mpeleke likaangaliwe.

Hapa nichepuke kidogo kwa ajili ya akina mama wengine wanaosoma, wale walioambiwa "leo hakuna BCG, rudi Jumanne". BCG ndiyo hii chanjo ya kifua kikuu. Huja ikiwa unga mkavu ndani ya kichupa cha rangi ya kahawia, kwa sababu mwanga huiua. Kichupa cha kawaida kina dozi 20 za vichanga. Kikishachanganywa na maji yake maalumu kina saa 6 tu, kisha kinamwagwa hata kama mtoto aliyechomwa ni mmoja. Ndani yake hakuna dawa ya kuzuia vijidudu, maana dawa hiyo ingewaua na bakteria wa chanjo wenyewe. Kwa hiyo uchafu ukiingia asubuhi, kufika jioni umeshazaliana. Ndiyo sababu vituo vingi vinakusanya watoto siku moja. Sababu ya saa 6 naiunga mkono kabisa. Desturi ya kumrudisha mama na kichanga chake mara mbili tatu siiungi mkono. Kwangu afadhali zimwagwe dozi 19 kuliko mtoto mmoja kurudi nyumbani bila kinga, tena nyumba yenyewe ikiwa kama ya wakwe zako.

Jirani yako amesema mtoto kapandikizwa TB. Ameukaribia ukweli, akapotea hatua chache za mwisho. BCG ni bakteria wa Calmette na Guérin. Albert Calmette alikuwa daktari wa watu, Camille Guérin daktari wa mifugo, wote wakifanya kazi katika Taasisi ya Pasteur mjini Lille, Ufaransa. Walimchukua bakteria wa kifua kikuu cha ng'ombe, ndugu wa karibu wa huyu anayetumaliza sisi, na mwaka 1908 wakaanza kumkuza juu ya vipande vya viazi vilivyochemshwa na nyongo ya ng'ombe na gliserini. Kila wiki tatu wakimhamishia kwenye kiazi kipya. Walifanya hivyo mara 230, miaka 13, vita kuu ya kwanza ikapita na mji wao ukakaliwa na Wajerumani, wao bado wanahamisha bakteria. Mwisho alikuwa hai, ila hana uwezo tena wa kumuua mnyama wa maabara. Siku hizi tunajua hata alichopoteza: kipande cha vinasaba kilidondoka njiani, na hana mahali pa kukiokota. Kwa hiyo huyo aliyeko begani kwa Karimu hawezi kugeuka akawa TB ya kuambukiza watu. Mtoto hakohoi kwa sababu yake, na hata dada zake wakimbeba na usaha ule hawapati kifua kikuu. Kunawa mikono ni usafi wa kawaida tu.

Mtoto wa kwanza alipewa chanjo hii Paris mwaka 1921. Mama yake alikuwa amefariki kwa kifua kikuu muda mfupi baada ya kujifungua, na aliyekuwa anamlea ni bibi yake, mgonjwa wa kifua kikuu vilevile. Alimezeshwa, sindano ya ndani ya ngozi ilikuja baadaye. Hakuugua. Uone basi kwamba tangu siku ya kwanza chanjo hii ilitengenezewa nyumba yenye mkohoaji.

Ukiperuzi mtandaoni utakutana na habari ya Lübeck, nami sitaki uikute peke yako usiku. Katika mji huo wa Ujerumani, kati ya mwisho wa 1929 na miezi ya mwanzo ya 1930, watoto wapatao 250 walimezeshwa chanjo na zaidi ya 70 wakafa. Uchunguzi ulionyesha kwamba bakteria wa chanjo hakurudia ukali wake. Maabara ya pale pale mjini ilikuwa imehifadhi bakteria halisi wa kifua kikuu, na wakachanganyika na chanjo. Madaktari walishtakiwa na kufungwa. Tangu hapo utengenezaji wa BCG haukuachwa tena mikononi mwa maabara ya hospitali yoyote inayojisikia; leo chanjo ya Karimu inatoka kwenye viwanda vichache vinavyokaguliwa, na kila kichupa kina namba yake.

Sasa harage la kwapani. Bakteria wa chanjo husafiri kutoka begani mpaka kwenye tezi zilizo jirani, na tezi hizo ndiyo shule ya kinga, lazima zivimbe kidogo. Kwa bega la kulia utazikuta kwapa la kulia, mara chache juu ya mtulinga au shingoni upande huo huo. Wazee wetu wangeuita mtoki na kuuwekea dawa. Usiuwekee. Tezi isiyozidi sentimita moja na nusu, inayotembeatembea chini ya kidole, isiyo na wekundu wala maumivu, hupotea yenyewe ndani ya miezi kadhaa. Antibayotiki haziisaidii, na dawa za TB hazihitajiki. Watoto wachache, kadiri ya mmoja kati ya 1,000 hadi mmoja kati ya 10,000, tezi yao hukua, ikalainika na kuiva usaha. Hiyo ni kazi ya daktari, naye mara nyingi huivuta kwa sindano au huiacha chini ya uangalizi. Kuipasua kwa wembe, nyumbani au kwenye duka la dawa, ndilo kosa ninaloliona likiharibu watoto wazima: tundu halifungi, linatoa usaha miezi na miezi.

Udogo wake wa kuzaliwa usikusumbue. Zamani tulikuwa tunamsubiri mtoto njiti afike kilo 2.5 ndipo achomwe, na bado wapo wahudumu wanaoshikilia hivyo. Msimamo wa Shirika la Afya Duniani tangu 2018 ni kwamba mtoto aliyepita wiki 31 tumboni, au mwenye uzito chini ya kilo 2.5, kama hali yake imetulia, achomwe kama wenzake. Karimu alikuwa wiki ya 36, na hospitali imemruhusu aende nyumbani. Alistahili. Tena vichanga wadogo wa namna yake ndio waliochunguzwa sana nchini Guinea-Bissau, na huko waliochomwa BCG mapema walikufa kidogo kuliko waliocheleweshwa, hata kwa magonjwa yasiyohusiana na kifua. Entebbe, Uganda, watafiti waliona jambo la mwelekeo huo: waliochomwa siku ya kuzaliwa waliugua maradhi ya kuambukiza kidogo kuliko waliosubiri wiki sita. India walipojaribu kwa chanjo ya aina nyingine ya BCG hawakuona faida hiyo katika vifo. Kwa hiyo sikuahidi kwamba Karimu hatapata mafua. Ninachosema ni kwamba kuwahi hakukumdhuru, na huenda kumemfaa zaidi ya tulivyokusudia.

Wapo watoto ambao kwao chanjo hii si salama, na hapa sitatafuna maneno. Ni wale ambao kinga yao haifanyi kazi. Bakteria aliyedhoofishwa anahitaji kinga nzima ya kumzuia. Asipozuiwa huenea mwili mzima mpaka kwenye mifupa na ini, na hapo huua. Kwa watoto kwa jumla tukio hilo ni la nadra mno, kama mmoja katika milioni. Kwa mtoto aliyeambukizwa VVU na hajaanza dawa si nadra: uchunguzi wa Afrika Kusini, jimbo la Western Cape, ulikuta karibu mmoja katika 100. Ndiyo maana mtoto anayejulikana ana VVU husubirishwa mpaka aanze dawa na kinga yake itulie, kisha anachomwa. Mtoto wa mama mwenye VVU ambaye mwenyewe hana dalili zozote huchomwa, kwa sababu mama akimeza dawa zake sawasawa watoto walio wengi sana huzaliwa salama, na hatari ya TB katika nyumba hizo ni kubwa. Majibu yako ya kliniki ya wajawazito siyajui, wala si ya kuandikwa hapa. Kama yalikuwa na VVU, Karimu alipaswa kupimwa damu ya kisigino kati ya wiki ya nne na ya sita. Kama hajapimwa, nenda kesho.

Kundi la pili ni watoto waliozaliwa na upungufu mkubwa wa kinga wa kurithi. Hao hawana alama usoni. Dalili iko kwenye ukoo: kama wewe au mumeo mmewahi kuzika kichanga kwa maambukizi yasiyoeleweka, au wazazi wenu ni ndugu na kuna vifo vya namna hiyo, mwambie nesi kabla ya sindano. Kundi la tatu ni dogo lakini linaongezeka mijini: mama aliyetumia dawa za kushusha kinga kama infliximab wakati wa ujauzito, kwa ugonjwa wa matumbo au viungo. Dawa hiyo humfikia mtoto na kukaa mwilini mwake miezi, na mwaka 2010 ilitangazwa habari ya mtoto Uingereza aliyekufa baada ya kuchomwa BCG katika hali hiyo. Mtoto aliyefikiwa na infliximab hungoja miezi 12 tangu azaliwe.

Hiyo inatufikisha Leicester. Dada yako hakosei. Uingereza ilikuwa inawachoma wanafunzi wote, ikaacha mwaka 2005 kwa kuwa kifua kikuu kilikuwa kimepungua sana kwao. Sasa inachoma watoto walio hatarini tu. Mwanawe amechomwa kwa sababu mzazi au bibi na babu yake wametoka nchi ambayo kila mwaka wanaugua watu 40 au zaidi katika 100,000, na Tanzania imeuvuka mstari huo mara kadhaa. Kuhusu mwezi mmoja: tangu Septemba 2021 huko England wanasubiri siku 28, kwa sababu wameanza kuwapima vichanga upungufu ule wa kinga wa kurithi, na majibu lazima yatoke kwanza. Ni utaratibu mzuri. Kwetu kipimo hicho hakifanywi kwa kila mtoto. Tungesubiri mwezi mzima bila kipimo, tungekuwa tumeongeza siku 28 za hatari na hatujapata jibu lolote. Mwanawe alisubiri kwenye nyumba isiyo na mtu anayekohoa usiku.

Niseme na mipaka ya chanjo yenyewe, maana ukiijua utaelewa kwa nini namng'ang'ania babu. BCG haizuii bakteria kuingia mapafuni. Kazi inayoifanya vizuri ni kuzuia TB isipande kwenye ubongo wa mtoto au kutapakaa mwili mzima. Kwa aina hizo mbili hupunguza hatari kwa karibu robo tatu. Hiyo robo tatu usiione ndogo. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja akiambukizwa, hana chanjo wala dawa, uwezekano wa kuugua mapafu ni 30 hadi 40 kwa 100, na wa kuugua TB ya ubongo au TB ya kutapakaa ni 10 hadi 20 kwa 100. Mtu mzima akiambukizwa, 90 kwa 100 hawaugui maisha yao yote. Nimewaona watoto waliopona TB ya ubongo. Wamepona, ila mmoja hasikii, mwingine mguu mmoja unaburuzika, mwingine hakurudi kumjua mama yake.

Kwa TB ya mapafu ya watu wazima, matokeo yanapishana ajabu. Wanafunzi wa Uingereza walipojaribiwa kuanzia 1950, chanjo iliwapunguzia kifua kikuu kwa zaidi ya robo tatu. Kusini mwa India, jaribio kubwa lililoanza 1968 halikuonyesha kinga yoyote. Na kurudia hakusaidii: Karonga, Malawi, ng'ambo tu ya mpaka wetu wa Mbeya na Songwe, walichoma watu mara ya pili, TB haikupungua, ukoma ukapungua nusu. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani halishauri kumrudia mtoto asiyetoa kovu. Namtaja kwa vile kila wiki naletewa mama anayelilia mwanawe achomwe upya kwa kuwa bega ni safi. Kovu si cheti. Kadi ndiyo cheti. Na ukimwona Mkenya hana alama begani usimhurumie, mtazame mkono wa kushoto chini ya kiwiko, wao huchomwa hapo.

Basi turudi kwa baba mkwe. Kikohozi cha wiki mbili na zaidi, kwa mtu yeyote, kinapimwa makohozi. Najua atakachosema: ni baridi inayoshuka Uluguru, ni sigara za ujana, ni vumbi la shambani. Huenda ni kweli, na nitafurahi ikiwa kweli. Najua vilevile kwamba wewe mkwe huwezi kusimama mbele yake ukamwambia akapime TB. Mpitishie mumeo, au mama mkwe, maana yeye ndiye mwenye uchungu na bega la mjukuu na ndiye anayelala naye chumba kimoja. Muulizeni kama anatoka jasho usiku mpaka shuka inalowa, kama mkanda amerudisha tundu nyuma, kama amewahi kutema damu. Kipimo cha GeneXpert kinatumia makohozi tu na majibu yake hayachukui siku nyingi. Kipimo na dawa havilipiwi, na akikutwa nayo matibabu ya kawaida ni miezi sita.

Wakati mnasubiri majibu, Karimu asilale chumba cha babu yake. Mchana babu akae naye barazani penye upepo badala ya sebuleni, madirisha yawe wazi, akikohoa azibe kwa kitambaa au kiwiko, na kumpakata kusubiri kidogo. Msimtengee sahani wala kikombe. TB haipiti kwenye vyombo, na mzee akitengewa sahani ataficha kikohozi. Wewe endelea kunyonyesha.

Majibu yakiwa hayana TB, tumemaliza habari ya kifua na daktari atatafuta sababu nyingine. Yakiwa nayo, watu wote wa nyumba wachunguzwe, na watoto wa chini ya miaka mitano watangulie. Kwa Karimu watahakikisha kwanza hana ugonjwa wenyewe, kisha ataanzishwa dawa ya kinga ya miezi kadhaa. Dawa hiyo ikiwa na isoniazidi, mojawapo ya dawa za TB, itawaua na wale bakteria wa begani, kwa hiyo muulize daktari mtakapomaliza kama chanjo inahitaji kurudiwa; hiyo ni hali mojawapo chache ambapo swali la kurudia lina maana. Asikwambie mtu kwamba "ameshachomwa, hahitaji dawa". Chanjo na dawa ya kinga hazibadilishani.

Usingoje siku ya kliniki kama akipata homa, akigoma kunyonya, asipoongezeka uzito, tezi ikikua au zikitokea nyingine mbali na kwapa lile, utando mweupe mdomoni ukikataa kutoka, au akilegea na kulala kupita kawaida yake.

Na hujataja chanjo za wiki ya sita. Ana wiki saba. Kama ulizisubirisha kwa sababu ya donda, donda halizizuii, zinachomwa pajani na nyingine ni matone ya kunywa. Siku babu anapelekwa, chukua kadi ya Karimu mwende pamoja. Mumeo akae na mzee kwenye foleni ya makohozi, wewe na mtoto mpite upande wa watoto.